Nani Alimsuka Huyu Nyani? Historia ya Wanyama wa Matete wa Mexico

Kuna picha imezunguka sana kwenye kurasa za mapambo ya nyumba, na wengi wenu mmeipita bila hata kusimama. Sebule nyeupe, mmea mkubwa kwenye kona, na juu yake nyani ananing'inia darini kwa mkono mmoja, mkono wa pili umeshika taa. Ukimkuza kwenye skrini unaona hana manyoya. Mwili mzima umesukwa, kuanzia vidole hadi ncha ya mkia. Hata ule uso wake wa dharau umesukwa.

Mimi nilisimama. Nikaanza kufukua ametoka wapi. Kumbe ametoka Michoacán, jimbo la magharibi mwa Mexico, kazaliwa miaka ya 1970, na leo kwenye minada na maduka ya vitu vya zamani huko Marekani yeye na ndugu zake, tembo, kasa, kasuku, wanauzwa kwa maelfu ya dola. Wengi wao wana kibati kidogo cha shaba. Kwenye kibati kuna jina la mbunifu na mwaka.

Jina la aliyesuka halipo.

Mnanijua mimi na watu wasiotajwa. Nikikuta kitu kizuri chenye jina moja tu, huwa nataka kujua ni mikono mingapi ilikuwa kwenye chumba kile. Basi vuta kiti, hii stori inaanza mbali kuliko miaka ya 1970, na inaanzia kwenye mkeka. Mkeka wa kulalia, tafadhali. Wale wenye mkeka wa kubeti, wenu tutauzungumza ukichanika.

Sehemu yenyewe inaitwa Ziwa Pátzcuaro. Kama uliangalia katuni ya Coco ya mwaka 2017, ile ya mtoto mwenye gitaa aliyeingia nchi ya wafu, basi umeshaonja kidogo, maana watengenezaji wake walitembelea Michoacán kutafuta sura ya filamu yao. Futa kichwani ile Mexico ya jangwa na kofia pana. Ziwa hili liko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi kuna ukungu na baridi ya kuvaa sweta, milima imelizunguka pande zote, na ndani yake kuna visiwa. Wenyeji ni Wapurépecha. Lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani, iko peke yake kabisa. Na kabla ya Wahispania kuja, walikuwa na dola yao ambayo Waazteki, pamoja na ubabe wao wote, walishindwa kuiteka. Makao makuu yalikuwa Tzintzuntzan, jina linalomaanisha mahali pa ndege wavumao. Litamke kwa haraka, utasikia mabawa. Jirani yake kuna Ihuatzio, mahali pa koyote, yule mnyama wa jamii ya mbwa mwitu. Hiki kijiji cha Ihuatzio kishike vizuri, tutarudi.

Pembeni ya ziwa kumeota matete. Yako ya aina mbili kubwa. Moja ni tule, bua refu la mviringo, laini, ukilibonyeza linasinyaa kama sponji. Nyingine wanaiita chuspata, hii ina jani bapa, refu, kama utepe. Kwa macho ya mtu wa mjini ni majani ya bwawani tu, yale ambayo manispaa ingeyafyeka. Kwa mtu wa Pátzcuaro ni kitanda, ni kiti, ni kikapu cha samaki, ni zulia la kanisani, na baadaye ni fahali na jogoo.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifunga. Neno tule limetoka kwenye Kinahuatl, lugha ya Waazteki, tollin. Mahali penye matete mengi huitwa Tollan. Na Tollan ndilo jina walilolipa mji wa kale waliouona kama chanzo cha ustaarabu wote, ule ambao leo mabaki yake yako Tula, kaskazini mwa Jiji la Mexico. Mtu wa Tollan ni toltecatl. Na kwa Kinahuatl, toltecatl likaja kumaanisha fundi, mtu mwenye mkono, msanii aliyebobea. Yaani ukitaka kumsifia mtu kwamba anajua kazi yake, unamwita mtu wa kwenye matete. Waazteki wenyewe, wababe wale, walijisifu kuwa na uhusiano na watu wa Tollan, kama ambavyo mtu leo atatafuta mjomba aliyewahi kukaa Ulaya.

Kwa hiyo kulikuwa na neno la heshima kwa fundi, tena kubwa. Ila lilikuwa la wote kwa pamoja. Fundi mmoja mmoja alikuwa nani, hilo hatulipati.

Mkeka wenyewe unaitwa petate, kutoka petlatl. Usiudharau. Kwa Kinahuatl ukitamka maneno mawili pamoja, mkeka na kiti, ulikuwa unasema "utawala". Kwa Wamaya, huko kusini, cheo kimoja cha mtawala kilikuwa ajpop, maana yake yule wa mkeka. Kabla hujacheka, kumbuka sisi kiongozi wa kikao tunamwita mwenyekiti. Wao walikuwa na mwenye mkeka. Hata orodha za kodi ambazo Waazteki walikuwa wakidai kutoka miji waliyoiteka, zilizochorwa kwenye kitabu kinachoitwa Codex Mendoza mapema miaka ya 1540, zina mikeka na viti vya matete. Mfalme alikaa juu ya matete na maskini alilala juu ya matete. Mtu alizaliwa kwenye petate, akaoa kwenye petate, na akifa bila uwezo wa sanduku, alikunjwa ndani ya petate akazikwa. Ndiyo maana Wamexico mpaka leo, mtu akifariki, kwa lugha ya mtaani wanasema se petateó. Ni kama tungesema amejikunja kwenye mkeka. Watu wa pwani wataelewa haraka, maana mkeka na maziko kwetu pia wanajuana.

Turudi ziwani. Wahispania walifika Michoacán miaka ya 1520, na mwanzo ulikuwa wa damu. Mwaka 1530 mshindi mmoja katili, Nuño de Guzmán, alimuua mtawala wa mwisho wa Wapurépecha, Tangáxuan wa Pili. Watu wakakimbilia milimani. Baada ya hapo akaja mwanasheria mmoja mzee aliyegeuka kuwa askofu, Vasco de Quiroga, ambaye wenyeji walimpenda mpaka wakamwita Tata Vasco, baba Vasco. Mwaka 1533 alianzisha Santa Fe de la Laguna kando ya ziwa, kijiji chenye hospitali na mashamba ya pamoja, na anakumbukwa kwa kukipa kila kijiji fani yake. Hawa shaba, hawa vyungu, hawa mbao. Mpaka leo ukizunguka Pátzcuaro kila kijiji kina kazi yake, na mtembeza watalii atakuambia ni kazi ya Tata Vasco.

Hapa naomba nisimame kidogo, maana hii stori huwa inasimuliwa kana kwamba askofu alikuta watu wamekaa tu wakisubiri kufundishwa. Kuna maandishi ya karibu mwaka 1540, Relación de Michoacán, yaliyoandikwa na mtawa aliyewahoji wazee wa Kipurépecha wenyewe. Yanaeleza kwamba dola ya zamani ilikuwa na maofisa wa kusimamia kila fani, kuanzia wavuvi wa nyavu hadi mafundi wa manyoya ya ndege. Kugawana kazi walikuwa wanakujua. Mzee Quiroga alikuwa na moyo, sikatai, na alileta zana na mbinu mpya. Lakini angalia jinsi kumbukumbu inavyofanya kazi. Vijiji kibao, maelfu ya mikono, miaka zaidi ya 480, na jina linalotajwa ni la mgeni mmoja. Ni kibati cha shaba kilekile, tofauti ni kwamba hiki kimegongelewa kwenye ziwa zima.

Wanyama sasa. Ni lini mtu wa kwanza alikunja jani la tule akaona limefanana na farasi? Mtoto analia, mama ana mabaki ya matete mkononi, anapinda hapa, anafunga pale, tayari bata. Kitu kama hicho hakiachi ushahidi, maana matete yanaoza. Chungu kitakaa ardhini miaka elfu moja kikimsubiri mchimbaji. Bata wa matete hamalizi hata utoto wa mwenye bata.

Ila kuna mnyama mmoja ambaye ana siku yake kwenye kalenda. Ni nyumbu. Hapa nazungumzia chotara wa punda na farasi, siyo wale wa Serengeti wanaovuka mto. Kila mwaka siku ya sikukuu ya Corpus Christi, Alhamisi ya takriban miezi miwili baada ya Pasaka, mbele ya Kanisa Kuu la Jiji la Mexico wanauzwa nyumbu wadogo wanaotosha kiganjani, wamesukwa kwa tule, kwa majani makavu ya mahindi au kwa mnyaa, mgongoni wamebeba vikapu vidogo vya maua au matunda. Wanawaita mulitas. Siku hiyo inaitwa Siku ya Nyumbu. Wazazi wanawavalisha watoto mavazi ya kijijini na kuwapeleka kubarikiwa.

Kwa nini nyumbu? Hadithi wanayosimulia ni ya mtu mmoja aliyekuwa na mashaka na imani yake, akaomba ishara, na pale maandamano ya ekaristi yalipopita nyumbu wake akapiga magoti. Wengine wanatoa maelezo ya kawaida tu, kwamba zamani wakulima walikuwa wanaleta mazao yao ya sadaka mjini siku ile wakiwa na misafara ya nyumbu, na uwanja ukajaa wanyama. Mimi naamini la pili na nalipenda la kwanza. Cha kufurahisha zaidi, kule nako nyumbu ni tusi kama huku kwetu, la mtu mkaidi au mjinga, kwa hiyo kumpa rafiki yako mulita siku hiyo na kumwambia "hongera, leo ni siku yako" ni utani unaojulikana mji mzima.

Hao nyumbu wadogo ndio wanaonisaidia kuelewa tembo wa maelfu ya dola. Wanaonyesha kwamba kusuka mnyama kulikuwa kazi ya kawaida ya watu wa kawaida, kitu cha senti chache cha kumpa mtoto. Hakuna aliyewahi kumgeuza mulita tumbo juu kutafuta sahihi.

Mambo yakabadilika karne ya 20. Baada ya mapinduzi yaliyoanza mwaka 1910, Mexico ilikuwa imechoka na imegawanyika, na wasomi wa mjini wakawa wanatafuta kitu cha kuwaunganisha wote. Wakakiona kwenye vyungu, mablanketi na mikeka. Mwaka 1921, wakati wa kuadhimisha miaka 100 ya uhuru, yakafanyika maonyesho makubwa ya sanaa za watu katika Jiji la Mexico, na mchoraji aliyejiita Dr. Atl akaandika kitabu kizima kuhusu sanaa hizo. Ghafla kikapu kilichokuwa kinadharauliwa na mabibi wa mjini kikawa fahari ya taifa. Safi kabisa. Lakini wazo lenyewe lilikuwa na mtego ndani yake. Sanaa ile ilipendwa kwa sababu ilikuwa ya "watu", roho ya taifa. Na roho ya taifa haina jina la ukoo, haidai malipo ya ziada. Ukishasema kitu kimetengenezwa na watu wote, ni rahisi sana kutomuuliza mtu yeyote.

Michoacán ilipata upendeleo, maana rais wa miaka ya 1934 hadi 1940, Lázaro Cárdenas, alikuwa mtoto wa jimbo hilo na aliipenda Pátzcuaro mpaka akajenga nyumba hapo. Kwenye kisiwa cha Janitzio ikasimamishwa sanamu kubwa ya shujaa Morelos, barabara zikaboreshwa, watalii wakaja. Mtalii anataka kitu cha kubeba nyumbani.

Wakati huohuo petate lenyewe lilikuwa linakufa taratibu. Kitanda cha chuma, godoro, baadaye mkeka wa plastiki. Hii hatuhitaji kufafanuliwa. Kila mmoja wetu ana bibi aliyekuwa na mkeka wa ukindu na sasa amekalia wa nailoni wenye rangi za kung'aa uliotoka kiwandani. Msusi wa ziwani alikuwa na ujuzi wa vizazi mikononi na soko linalomkimbia. Akafanya nini? Akaanza kusuka vitu ambavyo plastiki ilikuwa haijavifikia. Kengele na nyota za Krismasi, malaika, mandhari kamili ya kuzaliwa Yesu pamoja na ng'ombe na punda wa horini. Na wanyama. Wadogo kwanza, kisha wakubwa, kisha wakubwa kweli, farasi ambaye mtoto anaweza kumpanda.

Kilichowezesha ukubwa huo ni waya. Matete peke yake yanaweza kusimamisha bata, ila fahali ataanguka. Kwa hiyo fundi wa vyuma anapinda nondo nyembamba au waya mnene na kuuchomelea mpaka unapata mifupa ya mnyama: mgongo, mbavu, miguu, shingo. Ukiiona fremu tupu imesimama uani utadhani mtu amechora hewani. Hapo ndipo msusi anaingia, na Ihuatzio, kile kijiji cha koyote, ni mojawapo ya vijiji vinavyojulikana kwa kazi hii.

Kazi yenyewe inaanzia majini. Mkataji anaingia na mtumbwi au anazama mpaka kiunoni, anakata chuspata kwa mundu chini kabisa, karibu na mzizi, anafunga mafungu na kuyavuta ufukweni. Yanatandazwa juani siku nyingi, yanageuzwa, yanageuzwa tena. Mvua ikiyakuta yanapata madoa meusi na kuoza, na kazi yote imekwenda. Yakikauka yanakuwa ya rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani na kahawia, na hizo rangi ndizo fundi anazichezea baadaye, utepe wa kahawia kwa kwato, wa dhahabu kwa tumbo.

Ila jete kavu halisukiki, linavunjika. Kwa hiyo linaloweshwa kidogo tena, kiasi cha kulainika bila kulowa chapachapa. Likizidi maji linasinyaa likikauka na msuko unalegea. Msusi wa ukili wa kwetu anaijua hii hesabu, haipimwi kwa saa wala kwa kijiko, kidole ndicho kinajua. Wasusi wa petate hupiga magoti chini na kubana matete kwa jiwe laini ili yalale bapa. Msusi wa mnyama hana sakafu ya kumsaidia. Anafanya kazi kwenye mviringo, na hapa ndipo ugumu ulipo. Mkeka ni mraba, unakwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Mnyama ana bega linalopanuka, shingo inayobana, sikio linalotokea ghafla. Pale mwili unapopanuka lazima uongeze utepe mpya bila pengo kuonekana, pale unapobana lazima uuzamishe mwingine. Mwisho wa kila utepe unafichwa chini ya jirani yake. Kosa la kwenye paja litaonekana kwenye mgongo. Na uso ndio mtihani wa mwisho, maana mwili wowote mzuri wenye uso mbovu ni kichekesho.

Mara nyingi ni kazi ya nyumba nzima. Baba anakata, mama na mabinti wanasuka, mjomba anachomelea, watoto wanapanga tepe kwa upana. Sasa niambie, ukitaka kuweka sahihi, nani aweke? Hata mahali pa kuiweka hapapo. Mfinyanzi anaweza kukwangua jina lake chini ya chungu. Kwenye matete utakwangua wapi?

Ndiyo maana miaka ya 1970 kibati cha shaba kilikuwa na maana kubwa. Mbunifu aliyekigongelea alifanya jambo ambalo halikuzoeleka. Alitoa wazo, michoro, ukubwa, akaingiza tembo na nyani kwenye uzio wa bata na fahali, akawa na karakana, akatafuta wateja wenye pesa Marekani. Na alisaini. Simlaumu hata kidogo. Bila yeye mimi na wewe tusingekuwa tunamwangalia nyani huyu, na pesa ya karakana ililisha watu. Halafu kuna kitu kinachonifurahisha kama Mswahili: tembo wa kwetu kasukwa na watu wa nchi isiyo na tembo porini, kwa majani ya ziwa lao, na akatoka na ile hali ya uzito wake, mkonga ukining'inia vile unavyotakiwa. Hiyo ni akili ya mkono.

Lakini soko la vitu vya kale lina tabia yake. Linafuata jina. Nyani mwenye kibati ana bei yake. Nyani asiye na kibati, aliyesukwa kwa ufundi uleule, mara nyingi anaandikwa "ufundi wa Mexico, msanii hajulikani", na bei inaporomoka. Yule "asiyejulikana" ana nyumba, ana jirani, na pengine mjukuu wake yupo leo sokoni Pátzcuaro anauza jogoo kwa mtalii ambaye bado anaomba punguzo.

Kuna waliojaribu kurekebisha. Kuanzia miaka ya 1970 jimbo la Michoacán lina taasisi yake ya kusimamia ufundi, na kwenye mashindano kama yale ya Jumapili ya Matawi huko Uruapan fundi anaitwa mbele kwa jina lake na kupewa zawadi. Vijiji vingi pia vimesajili alama za pamoja, kama magitaa ya Paracho na shaba ya Santa Clara del Cobre. Alama ya pamoja inasema kitu kimetoka kijiji gani. Ni hatua, japo bado anayetajwa ni kijiji.

Pengine mnakumbuka pia sakata la Novemba 2020, Wizara ya Utamaduni ya Mexico ilipomwandikia mbunifu mmoja maarufu wa mavazi wa Paris ikidai ametumia michoro ya Wapurépecha kwenye kapu la mtindo, yaani lile vazi la kujitanda mabegani. Aliomba radhi. Mitandao ikalipuka, na Januari 2022 sheria ya kulinda urithi wa jamii za wenyeji ikaanza kutumika. Vizuri. Ila mchoro wa nguo unaweza kuuweka mezani na kusema huu ni wetu, mistari hii na hii. Fahali wa matete utamtetea vipi? Fahali ni fahali. Umbo lake Mungu analijua. Kilicho cha watu wa Ihuatzio ni namna ya kuongeza utepe begani bila pengo kuonekana, na hiyo mwanasheria hawezi kuipiga picha.

Na kuna tatizo kubwa kuliko kibati. Ziwa linapungua.

Pátzcuaro ni bonde lililofungwa, hakuna mto unaotoka. Kila kinachoingia kinabaki: udongo kutoka milima iliyokatwa miti, maji machafu ya miji. Jarácuaro kilikuwa kisiwa, leo unafika kwa miguu. Mwaka 2024 ukame ulikuwa mkali mpaka serikali ya jimbo ikasema hadharani kwamba kuna malori yanavuta maji ya ziwa kwa kificho kupeleka kwenye mashamba ya parachichi. Parachichi, ndiyo, lilelile la kwenye mkate wa asubuhi unaopostiwa. Michoacán ndiyo mkoa mkuu wa parachichi la Mexico, na kila mti una kiu. Nikasoma hilo nikiwa nimeweka la Njombe kwenye sahani, nikajikuta natafuna polepole.

Kwa msusi hesabu ni ya ajabu kidogo. Maji yakirudi nyuma, mwanzoni matete yanafurahi, yanapenda kina kifupi, yanasonga mbele kufuata maji. Unaona matete mengi unadhani hali ni nzuri. Kisha ardhi inakauka kabisa nyuma yao, ng'ombe wanaingia, na pale palipokuwa pa kukata panakuwa malisho. Juu ya maji yaliyobaki linatambaa gugu maji, lile la maua ya zambarau. Ndugu zangu wa Mwanza na Kisumu, ndilo hilohilo lililovamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na asili yake ni Amerika ya Kusini. Kisumu kuna mafundi walioamua kulikausha na kusukia vikapu na fanicha. Yaani adui mmoja, maziwa mawili, na jibu la mikono limefanana bila mtu kumpigia mwenzake simu.

Mwaka huohuo wa 2024 watu wa vijiji vya Pátzcuaro walishika majembe na sururu wakaingia kuzibua chemchemi zilizokuwa zimefukiwa na tope pembeni ya ziwa. Picha zipo. Watu wenye matope mpaka magotini, mstari mrefu, wengine wameinama huoni sura. Nilizipekua moja moja nikitafuta maelezo chini yake. Imeandikwa: wakazi.